Gunia la Maganda

Katika ploti yetu ya Nyeri hakuna aliyetenga taka vizuri kama mama yangu, na hakuna aliyeniudhi kwa taka kama yeye. Mwenye nyumba alikuwa ameamua kila mlango uwe na mifuko miwili, mmoja wa taka za jikoni na mwingine wa plastiki, ili bwana wa mkokoteni wa taka asihangaike kuchambua. Majirani waliitikia vizuri kwenye mkutano, kisha wakarudi kuchanganya nepi, chupa na ugali uliolala kama kawaida yao. Mama peke yake ndiye aliyetii, na wala hakumtii mwenye nyumba. Alikuwa anamwekea ng'ombe wake chakula.

Ng'ombe mwenyewe hakuwepo. Tulimuuza tulipomtoa mama kijijini Kangema, baada ya kumkuta zaidi ya mara moja amesimama katikati ya shamba la chai alilolichuma maisha yake yote, hajui njia ya kurudi nyumbani. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau na kwamba asikae peke yake tena, nikamleta kwangu mjini. Alisahau mengi. Yule ng'ombe tu alibaki kichwani mwake akiwa mzima, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni, na mwenye njaa.

Basi kila ganda la kiazi, kila jani la kabeji, hata nyasi alizofyeka mlinzi pale langoni, zote zilikwenda guniani. Humo hakuruhusu hata kijiti cha kiberiti. Nikitupia kipande cha nailoni kwa kupitiwa, alikitoa na kuniwekea mbele ya macho yangu. "Hii itamuua," alisema kwa Kikuyu. Mimi na yeye tuliongea Kikuyu tu. Kiswahili alikuwa nacho, alikiokota soko la Karatina alipokuwa akiuza kabeji, lakini alikiweka kwa ajili ya wageni: wanunuzi wa kutoka mbali, makarani, daktari.

Bwana wa mkokoteni alikuwa mmoja wa wageni hao. Alizaliwa papa hapa mjini, karibu na msikiti, na alikuwa na upole fulani hata akibeba mfuko unaovuja. Alipita Jumanne na Ijumaa, akavuta taka zetu hadi kwenye kontena kubwa barabarani, na kutoka hapo lori likazipeleka kwenye jaa nje ya mji. Siku ya kwanza mama alikataa kabisa kuliachia gunia.

"Unapeleka wapi hii chakula?" akamuuliza.

Yule bwana alinitazama, akamtazama mama, akaelewa. "Nampelekea ng'ombe wako, shosho," akasema, kama anayemwita bibi yake.

Mama akaliachia. Nilimpenda yule mtu kwa neno lile moja. Tangu siku hiyo kila alipokuja waliongea vivyo hivyo pale mlangoni. "Anakula?" "Anakula sana, shosho." "Iko na maziwa?" "Maziwa mengi." Mama alirudi ndani ametulia, na mimi nikapumua hadi siku nyingine ya taka.

Halafu akaanza kuuliza kwa nini haletewi hayo maziwa. Bwana wa mkokoteni, kwa roho yake nzuri, akamletea pakiti ya dukani. Mama aliigeuzageuza, akamrudishia. Ng'ombe wake hakuwahi kukamuliwa ndani ya karatasi.

"Nitaenda kuiona mwenyewe," alisema. Mimi na bwana wa mkokoteni tukacheka.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika nguo. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, mama hayupo, na gunia halipo. Niliita kwenye ngazi, nikagonga milango yote ya ploti, nikakimbilia langoni. Mlinzi alikuwa ameenda kununua maandazi. Nikamkuta bwana wa mkokoteni pale kwenye kontena, akipakua.

"Leo hakunipa gunia," alisema. "Aliniuliza ng'ombe yuko upande gani. Nikamwonyesha kwa mkono tu, kule lori linakoelekea. Sikudhani ataenda, dada yangu."

Nilitaka kumzaba kofi, na papo hapo nilitaka kumlilia kifuani. Hakungoja nichague. Aliuacha mkokoteni katikati ya njia, akasimamisha bodaboda, tukapanda wote wawili.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya kwetu inayoingia hadi kwenye mifupa, na wingu lilikuwa limeshuka. Mama alikuwa ametoka na ndala na sweta jepesi. Tulisimama kila kona kuuliza kama wamemwona shosho aliyebeba gunia mgongoni, na kila mtu alisema ndiyo. Hapo ndipo nilipokata tamaa. Nyeri hii, shosho gani hajabeba gunia mgongoni? Mmoja alituonyesha njia ya hospitali, mwingine ya sokoni, mwingine akasema ameshuka mtoni. Nilipotamkiwa mto nilianza kuomba kwa sauti, maneno hayana mpangilio, mikono yangu imeshika koti la dereva kiasi kwamba alinisihi nilegeze.

"Twende jaani," bwana wa mkokoteni akasema. "Mimi nilimwonyesha huko."

Jaa lilikuwa linafuka moshi. Korongo wamesimama juu ya taka, na watu wachache waliokuwa wakiokota chupa wakainua vichwa kututazama. Mbele yao kulikuwa na ng'ombe wa majirani wa pale, wamefunguliwa wajitafutie. Nikaona gunia letu kwanza, limelala chini, tupu. Kisha nikamwona mama.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya ng'ombe mmoja mweusi, mbavu nje, asiyefanana hata kidogo na wetu. Mguu mmoja haukuwa na ndala. Alikuwa akivuta utepe mrefu wa nailoni kutoka mdomoni mwa mnyama huyo, polepole, kwa uangalifu.

"Maitũ," nikamwita. Mama.

Aligeuka, akanitazama kwa adabu. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, nisaidie kushika hii kichwa. Imekula karatasi mingi sana."

Nilishika kichwa cha ng'ombe kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika, na yeye akaendelea kuvuta hadi nailoni yote ikatoka, na mate yake. Nikamwambia kwa Kikuyu kwamba ni mimi, mtoto wake, twende nyumbani mvua inakuja. Alinisikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa, na tena kwa Kiswahili chake cha Karatina:

"Mimi siendi. Nikienda watauza yeye tena."

"Nani atamuuza?" Na mimi nikajikuta ninaongea Kiswahili.

"Msichana wangu. Si mtu mbaya. Ati alisema hapa mjini hakuna mahali ya ng'ombe." Akapangusa mikono kwenye sketi, akasogea karibu yangu, akashusha sauti. "Wewe ukikutana na yeye, usimwambie umeniona hapa."

Nyuma yangu bwana wa mkokoteni alikuwa amevua kofia yake na kuikunja mikononi. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka. Nilimtazama mama usoni nikitafuta hata chembe ya kunitambua, na haikuwepo.

"Sitamwambia," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Ndipo akanipa mkono, akainuka.