Jiwe Chini ya Tairi

Kaswera si mtu wa porojo. Anauza sabuni na mafuta ya mawese sokoni Kitshanga, na ukimletea umbea anakuuliza kama unanunua au unamzibia wateja. Lakini siku jirani yetu Jean-de-Dieu alipomwambia anauza gari lenye kitanda na jiko ndani, lililoachwa na Wazungu fulani, aliacha mteja akisubiri.

Alikuwa na sababu. Mwaka jana tulipokimbia vita, alimpakia mama yake Kanyere, aliyepooza miguu, kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Kikakwama kwenye tope. Bibi kizee alilala kichakani siku mbili, mvua yote ikimwishia mwilini. Kaswera hajajisamehe mpaka leo.

Basi akambeba mama yake mgongoni mpaka kwenye gari, akamlaza kwenye kile kitanda. Akalikagua kama mtu anayetafuta nyumba: akamwaga ndoo ya maji juu ya paa aone kama linavuja, akakanyaga sakafu kwa kisigino, akajifungia ndani na kufungua tena mara kadhaa. Yote sawa. Nusura amkumbatie muuzaji. Hapo ndipo alipoliona jiwe chini ya tairi.

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama bondeni. Kaswera amesukuma chukudu miaka mingi, anajua kwa nini mtu hutafuta mteremko.

"Papa Jean-de-Dieu, uiwashe hapa hapa. Jiwe libakie."

"Mama Kaswera, iko muzima kabisa! Inaomba tu kusukumwa kidogo, inawaka."

"Na siku ya masasi, nani atasukuma?"

Jean-de-Dieu akatazama viatu vyake. Alijua, kama sisi sote, kwamba siku risasi zinapolia hakuna anayesimama kusukuma kitu cha mwenzake.

Kaswera akaingia kumchukua mama yake. Alimkuta amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Alikuwa amesikia yote.

"Uikamate tu hii gari, mutoto wangu," Kanyere alisema. "Siku ile mukimbie nyinyi. Mimi muniache humu. Mvua haiingie, na mulango iko inafungika."

Kaswera alimgeuzia mgongo, akachuchumaa kando ya kitanda, akasubiri mikono ya mama yake imzunguke shingoni. Akasubiri sana; mikono ilibaki ndani ya blanketi.