Alasiri Niliyomfundisha Kukhu Maneno

Juzi, katika kliniki moja mjini Kitale, daktari alimwonyesha mama yangu picha ya kikapu. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Si ni ile ya kubebea?" Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwa nyanya, kijijini Naitiri.

Nyanya, tuliyemwita Kukhu, alikuwa akipukuchua mahindi uani, punje zikidondoka kwenye karai kama mvua ya mbali. Hewa ilinukia moshi na magunzi makavu.

"Niletee ile kitu," aliniambia. "Ile ya... ya kukalia."

Nilidhani ni mchezo. Nikamletea sufuria, kisha kuku, nikicheka. Yeye pia alicheka. Kisha akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye kiti.

"Sema wewe," aliniomba.

"Kiti, Kukhu."

"Kiti," alirudia polepole, akiitazama midomo yangu.

Tukaizunguka nyumba hivyo: mlango, ndoo, dirisha. Sikujua kwamba alikuwa akiogopa.

Mama alipokuja kunichukua, nilimwambia kwa fahari kwamba nimemfundisha Kukhu maneno. Alinikumbatia kwa muda mrefu, nami nikadhani ananipongeza.