Mahindi ya Busiu Katika Udongo Mchachu

Kosa langu la kwanza shambani lilikuwa kuogopa kung'oa hata mche mmoja. Mistari yangu ya mahindi, nje kidogo ya Buwenge, niliipima kwa kamba, na pengo moja tu lingeninyima usingizi. Kwa hiyo niliangalia majani. Yalipogeuka zambarau niliweka mbolea; yalipozidi, nikaongeza. Msimu wa pili jua liliwaka kidogo tu, mahindi yakanyauka ilhali udongo wa chini bado una unyevu.

Shangazi, mwenye shamba, hakunigombeza. Alisema tu kwamba msimu ujao ukiharibika, atawakodishia shamba watu wa miwa. Sikuwa na pengine pa kulima.

Mjomba wangu, askari wa magereza kule Mbale, alipokuja kutusalimia alinikuta nimechuchumaa kati ya mistari.

"Kijana, unakagua gwaride?"

"Naangalia majani, afande."

"Majani ndiyo yanakunywa maji?" Akang'oa mhindi mmoja kabla sijamzuia.

Mizizi ilikuwa mifupi na minene, ncha zake za kahawia, kama brashi iliyosugua sakafu mpaka ikaisha. Nilimuuliza sababu. "Mimi najua wafungwa tu," alisema.

Kilimo sikukisomea popote. Nilisoma kwenye simu, nikirudia kila ukurasa kwa hofu ya kukosea tena. Udongo una alumini, na kwa kawaida imetulia humo bila kudhuru. Udongo ukichachuka, alumini huyeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Ncha zikiacha kurefuka, mmea hupata njaa na kiu wakati chakula na maji viko chini yake. Na mbolea ya aina niliyokuwa nikimwaga huzidisha uchachu. Hapo niliizima simu.

Nilipoiwasha tena nilisoma kwamba mimea mingine hujikinga: ncha ya mzizi hutoa tindikali hafifu, kama ile ya limau, inayoikamata alumini nje kabla haijaingia. Nikakumbuka mahindi ya Busiu. Mjomba aliwahi kutuletea mahindi ya mbegu za kienyeji kutoka Busiu, karibu na Mbale, akisema kule hustawi bila mbolea; punje nyeupe, za njano na nyekundu pamoja. Niliyakataa kwa kuwa hayakufanana. Yalikuwa bado yananing'inia moshini, jikoni kwa shangazi.

Niliamua kujaribu kwenye makopo kwanza. Mawili niliyajaza udongo wetu mtupu, mawili udongo wenye majivu, ambayo hupunguza uchachu; katika kila jozi, kopo moja nilipanda mbegu zangu za dukani, jingine za Busiu. Majivu niliyafuata Masese, kwa akina mama wanaokausha samaki kwa moshi.

"Unayapeleka wapi?" mmoja aliuliza.

"Shambani, mama."

"Basi paka wote wa Buwenge watakusaidia kupalilia."

Miche ilipochipua niliing'oa mwenyewe. Kwenye udongo mtupu, mbegu za dukani zilitoa brashi ileile. Za Busiu, nyingi zilikuwa na mizizi mirefu, myeupe. Penye majivu, mizizi ya zote ilinyooka.

Nilipanda za Busiu, shamba lote likiwa na majivu. Mimea ilipishana urefu, nami niliumia kuitazama. Jua lilipokuja, ilisimama. Shangazi alivunja hindi bichi, akalimenya.

"Hili ni hindi au ushanga?" Akalila lote. Watu wa miwa aliwaambia waende kwingine.

Siku hizi majivu hutangulia, mbolea naweka kidogo, na kila msimu nang'oa miche michache kuangalia mizizi. Kamba ya kupimia bado ninayo.