Idadi Aliyoitaja Shangazi Ravdna

Shangazi Ravdna alifuga kulungu wa theluji miaka hamsini, na hakuna aliyejua anao wangapi. Kwetu Kautokeino, huku kaskazini kabisa kwenye baridi, hilo haliulizwi. Muulize mtu umri wake, muulize hata habari za mume aliyemkimbia, lakini idadi ya kulungu wake, huko ni kukosa adabu. Sisi tulimwona tajiri, naye hakutukatalia.

Wakaja mabwana wawili wa wizara, wanatafuta mahali pa kuchimba shaba. Kahawa hata haijapoa, mmoja akauliza, "Mama, una kulungu wangapi kule bondeni?"

Shangazi akatazama dirishani. "Wapo wapo tu."

Ripoti ikatoka: bonde wanakozalia kulungu wetu halina mifugo ya kutajika. Wasomi wazima! Nililia kwa hasira.

Bunge letu la Wasami, sisi wenyeji wafugaji wa kaskazini, likampeleka Geneva, kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa, akalitetee bonde. Mimi nikawa mkalimani. Alipewa dakika tatu. Kabla yake mjumbe wa serikali alisoma ripoti ile ile, akauliza kwa upole, hao kulungu wako wapi?

"Shangazi, taja," nikamnong'oneza.

"Mbele ya watu wote hawa? Una wazimu wewe?"

"Usipotaja, bonde limekwenda."

Dakika mbili zikapita. Mwenyekiti akatazama saa. Shangazi akakaza mkanda wa vazi lake la buluu, akasema, "Sitini na mmoja."

Sitini na mmoja! Hata jirani yetu Issát, mvivu yule, bila shaka anao zaidi.

"Tafsiri, we mtoto! Majike arobaini wanazalia pale. Hawana pengine."

Nikatafsiri.

Kikao kilirushwa moja kwa moja. Kautokeino nzima ilitazama. Wizara ikaandika kwamba mgodi usubiri, watakuja kujionea wakati wa kuzaa. Jumapili majirani wakajaa jikoni kwa shangazi. Nilijiandaa kugombana na yeyote atakayecheka.

Wakanywa kahawa. Wakasema theluji ya mwaka huu ni nzito.

"Eti Ravdna," akauliza Issát, mwenye mdomo kuliko wote, "chakula cha Geneva kikoje?"

"Hovyo kabisa."

Wakaaga. Issát akasimama mlangoni akivaa kofia. "Lile kundi lako kubwa likihama, niite nikusaidie. Peke yako hutaliweza."

"Nitakuita," akasema shangazi. Akageukia jiko, akalia.