Korosho Moja Iliyobaki

Juzi mjukuu wangu alinionyesha hesabu yake: mia tatu na moja, uigawe kwa mbili, tatu, nne, tano au sita, inabaki moja. Namba hiyo naijua. Iliwahi kunitisha.

Ilikuwa Newala, mchana, moshi wa korosho unawasha macho. Mama alikuwa chumbani akijifungua, bibi yetu akimzalisha, na mguno wake ulipenya ukutani. Mimi na dada Somoe tuligawa korosho mkekani. Mafungu mawili, ikabaki moja. Matatu, moja. Tukafika sita, idadi ya watu wa nyumba yetu. Moja tena.

"Hiyo ni ya anayeondoka," dada akasema.

Mara Mama akanyamaza. Nikajua ni yeye. Nikaishika ile korosho, nikaifumbata isichukuliwe na mtu.

Kichanga kikalia. Bibi akatoka, jasho linamtiririka. "Mama yenu mzima. Gaweni upya, hata mtoto mchanga ana fungu lake."

Tukagawa mafungu saba. Haikubaki hata moja.

"Ni hesabu tu, Bibi," mjukuu wangu anasema akisikia haya.

Hesabu tu! Yeye hakuishika ile moja.