Kiti cha mtani kwenye Landrova ya marehemu mume wangu

Vijana wa humu, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika. Wakuu ni ninyi, mimi ni bibi tu wa Mgeta. Sikusoma sana, ila uongo sikufundishwa. Asiyeamini apite kimya.

Marehemu mume wangu alikuwa na Landrova, zile za zamani, ninyi mnaziita vintage. Ndiyo aliyoshushia kabichi na karoti mjini. Alipofia mjini, ndiyo iliyompandisha yeye mlimani kuzikwa.

Sasa, kwetu Uluguruni mtani ndiye anayeendesha msiba. Anaweza kukalia kitu cha marehemu akasema hiki changu. Unamtukana, anakutukana, watu wanacheka, unampa kuku, anashuka. Hapo kitu kimekuwa safi.

Mtani wetu, Mzee Kibwana, siku ile ya mazishi alikaa kiti cha mbele cha Landrova kando ya dereva, miguu juu ya dashibodi.

"Sishuki! Huyu jamaa alikuwa mchoyo, nimemrithi mimi!"

Mwanangu Salumu alikuwa na wageni wake wa kazini. Akaona aibu. Akamshika mzee wa watu mkono, akamvuta hadi chini.

Kuku hakupewa.

Mtani hakutukana hata neno. Alijipangusa vumbi, akaenda zake. Masika yaliyofuata tukasikia kafa. Landrova tukaiuza.

Juzi hapa Salumu kastaafu, akakazana: "Mama, nalitafuta gari la baba nilirudishe nyumbani." Kauliza mafundi, kauliza madalali, akaipata Kihonda, kule mjini, kwa mama mmoja mfuga kuku. Tukaenda wote.

Iko juu ya matofali, haina injini, haina milango. Kuku wanalala nyuma.

Yule mama akasema, "Bibi, mimi sikufichi. Huko mbele kuku hawaendi. Ukiwatupia mahindi kwenye kile kiti wanasimama wanakitazama tu."

Mimi siyo mtu wa kushtuka ovyo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nikagusa kiti cha dereva, baridi. Nikagusa cha pili, kina joto, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. Nikainama kutafuta kuku anayeatamia. Hakuna. Na kiti kilikuwa kimebonyea katikati.

Salumu akapanda kwa dereva akicheka, kashika usukani.

Kicheko kikakatika. Nikamwona anajibana pembeni, polepole, kama anayesukumwa na mtu mnene.

"Mama," akasema, "kuna bega hapa."

Hapo nikaelewa. Nikanunua jogoo wa yule mama, akafungwa miguu, nikamkabidhi Salumu.

"Mpe mwenyewe. Na umtukane."

"Mama, nimtukane Mzee Kibwana, na keshakufa?"

"Ulimnyima matusi yake mbele za watu. Mtukane!"

Mwanangu ana mvi kichwa kizima. Alishuka, akazunguka, akamweka jogoo pale kitini, akapaza sauti: "We mzee mlafi, makalio kama kinu! Umekalia gari la baba mpaka umeota mizizi! Chukua kuku wako, shuka!"

Springi zikalia. Kiti kikainuka taratibu, kikawa sawa.

Jogoo hakuwika, hakupapatika. Shingo yake tu iligeuka, ikafuata kitu kilichokuwa kinatoka kwenda mvuani.

Nikagusa kiti. Baridi.

Salumu alilia pale pale, mtu mzima, na sikumkataza. Gari tumelivuta, liko nyumbani.

Nilichojifunza: msifikiri utani wa msibani ni upuuzi. Kile kicheko ndiyo kazi yenyewe. Waluguru na watani wetu mliomo humu, andikeni hapo chini kama yamewahi kuwakuta. Wa kunicheka anicheke, ila aseme kwao ni wapi.

Wa nyumbani nimeshawakusanya, wana na wajukuu, nikawaambia: nikifa, mtani akija kukaa kitandani kwangu, mtukaneni, mchekeni, mpeni kuku wake. Asitokee mtu wa kumshika mkono.