Kipa wa Gemu ya Mama Zeno

Runinga ya chogo ikishapata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Kwangu mimi harufu hiyo haiji peke yake. Inakuja na maharage yanayopepetwa, na masweta yaliyolowa mvua, na pumzi za watoto wengi ndani ya chumba kidogo. Juzi mwenzangu mmoja bwenini aliwasha pasi iliyokaa sana kabatini, harufu ikawa ileile, nikaacha notsi za Historia nikabaki nimekodolea ukuta macho. Wakadhani naumwa. Sikuwaeleza, maana mimi kueleza kwa mdomo ni kazi. Nikiandika ndiyo nafunguka, basi nawaeleza ninyi.

Kwetu ni kijiji cha Pito, na Pito ya utoto wangu ilikuwa na kibanda cha gemu cha Mama Zeno. Upande mmoja mashine na runinga, upande mwingine magunia ya maharage aliyokuwa akiyachambua kabla ya kuyapeleka sokoni. Mashine yenyewe ilikuwa imechoka. Haikusoma CD mpaka uilaze chali kama mgonjwa, na asubuhi za Juni ilibidi kwanza ifunikwe blanketi ipate joto, sisi wenyewe tukitetemeka pembeni. Gemu ilikuwa moja tu, ya mpira.

Radi za kwetu hazibishi hodi. Siku moja ya masika ilipiga nguzo ya umeme ya jirani, runinga ikapona nusu: picha ilibaki, sauti ikaenda moja kwa moja. Tangu hapo wachezaji wakawa wanakimbia kimyakimya kama watu walio chini ya maji.

Nilikuwa darasa la tatu na sikuwa nacheza. Nilikuwa mtoto wa kukaa tu. Wenzangu waliniita Bubu, na Osca, mtoto wa jirani yetu, alikuwa anaongezea, "Oya, msimguse Bubu, betri itaisha." Mama Zeno akanikalisha karibu yake nimsaidie kutoa mawe kwenye maharage. Yeye alikuwa anaipa runinga mgongo ili auone mlango. Siku moja watoto walipiga kelele, akaniuliza bila kugeuka, "Oliva, nani kafunga?"

Sikujua. Majina yaliyoandikwa chini kwenye kioo cha runinga yalikuwa ya kizungu, marefu, yanapita kabla sijafika katikati. Lakini aliyefunga alikuwa mwembamba, anakimbia ameinamia mbele. Nikanong'ona, "Yule anayekimbia kama katekista akiwahi kengele."

Mama Zeno alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Haya, niambie tena. Sasa mpira anao nani?"

Basi nikawa namwambia. Kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti ya kawaida, Kiswahili kimechanganyika na Kifipa cha nyumbani. Beki mnene mwenye upara akawa Baba Osca, fundi mwashi, kwa sababu hapitiki. Winga wa kushoto akawa muuza dagaa wa kutoka Kirando, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea taratibu. Na kipa, yule mrefu aliyekuwa anaruka mpira ukishapita, akawa Mzee Anselmo, mwenyekiti wa kigango chetu, ambaye kanisani husimama wakati wenzake wameshakaa.

Watoto wakaanza kunyamaza ili wasikie. Osca mwenyewe akasema, "Bubu, ongeza sauti, huku hatukupati!" Nikiugua walinung'unika kwamba gemu leo haina chumvi. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi, wote macho yako kwenye runinga, na nadhani ndiyo maana niliweza.

Nilipofika darasa la sita, simu zilikuwa zimeshawachukua wachezaji wetu mmoja mmoja. Mama Zeno akabaki na magunia yake, mwisho akaamua kuhamia Kirando kwa dada yake, waanike dagaa. Mashine ingekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Aliyekataa ni mwanawe wa kwanza, Kaka Zeno, fundi simu. "Watoto wanaokuja watajuaje sisi tulichezaje?" alikuwa anauliza kila anayekutana naye. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba gemu za zamani. Watu walimcheka, lakini walitoa: mashine zisizowaka, CD zenye mikwaruzo kama mgongo wa punda, padi za kuchezea zilizotafunwa na panya. Bibi mmoja alileta padi ambayo kwa waya wake alikuwa anafungia mlango wa banda la kuku. Rafiki yake Kaka Zeno wa Kipili, huko ziwani, akatuma kwa lori boksi la kanda za gemu za kale kabisa, linanuka samaki mpaka tukalianika juani.

Tatizo likawa pa kuviweka. Kigango kilikuwa na ghala lililokuwa tupu likisubiri mavuno, na ghala lilikuwa mikononi mwa Mzee Anselmo. Hakupendezwa. "Ghala ni la mahindi," alisema. "Nanyi mnataka nilaze takataka humo?" Kaka Zeno akambembeleza sana, mpaka mzee akakubali kujaribu: Jumapili baada ya misa wazee wataingia waone. Wakiona maana, chumba chetu. Wasipoiona, kesho yake vyuma vinatoka, mahindi yanaingia.

Jumapili hiyo ghala lilijaa. Wazee mbele kwenye mabenchi, kina mama wa kwaya na kanga zao, sisi watoto popote penye upenyo. Kaka Zeno alikuwa ametuandalia jambo bila kutuambia: alikuwa ametengeneza spika ya runinga yetu. Akawasha, na mara ghala likajaa kelele za uwanja, na mzungu mmoja akitangaza mbiombio kama anayefukuzwa na nyuki.

Ilikuwa sauti safi kabisa. Na watu wakapoa. Wazee walitazama kama wagonjwa wanaosubiri zamu. Osca, aliyeshika padi, akageuka amekunja uso. "Kaka Zeno, huyu nani sasa? Mbona siyo yenyewe?"

Mzee Anselmo akachukua kofia yake. "Asanteni, wanangu. Tumeona," akasema, akaanza kuinuka.

Mama Zeno, ambaye alikuwa bado hajahama, alikuwa amekaa pembeni ya runinga, anatutazama sisi. Akanyoosha mkono akapunguza sauti hadi yule mzungu akazimika kabisa. Kisha, bila kugeuza shingo: "Oliva, mpira anao nani?"

Nilikuwa nyuma, nimejibanza kwa mama wa kwaya. Humo ndani alikuwemo katekista, alikuwemo Baba Osca, na kipa mwenyewe alikuwa amesimama na kofia mkononi. Nikawaza haraka: nibadilishe majina. Osca sijui alisoma vipi kichwani mwangu. "Majina yaleyale, Bubu! Usitudanganye!"

"Mpira anao katekista," nikasema. Mtu akacheka. "Anakimbia, anawahi kengele, anampa winga wa Kirando, dagaa hizo zinapita, anapokonywa! Wanakuja sasa, wanakutana na Baba Osca, ukuta ule... jamani, kapigwa tobo, mpira katikati ya miguu!" Baba Osca akashika kichwa. Ghala zima likacheka, nikasahau kuogopa, na nilipokumbuka nilikuwa nimechelewa, shuti limeshapigwa. Watoto wote wa kibandani wakageuka kunitazama, maana walijua anayefuata.

"Mzee Anselmo anaruka," nikasema. "Mpira umeshapita."

Mama mmoja akajiziba mdomo kwa kanga.

"Binti," mzee akaita. "Mimi ndiye huyo?"

"Shikamoo," nikajibu, kwa kuwa ndilo neno pekee nililolipata.

"Marahaba. Nakuuliza, huyo mwenye glavu ndiye mimi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Tangu lini?"

Osca akanijibia. "Tangu tuko darasa la tatu, Mzee. Umefungwa sana."

Mzee Anselmo aliitazama runinga, akamtazama kipa akiokota mpira wavuni, mrefu, mabega yamelegea. Akakaa tena, kofia akaiweka gotini. "Rudisheni katikati," akasema. "Na wewe, uwe unaniambia mapema wakija. Unaniambia nimeshafungwa!"

Kipindi cha pili alidaka moja. Alijipiga paja kwa furaha utadhani mikono ile ni yake. Mahindi ya kigango mwaka ule yalilala kwenye kihenge cha Mzee Anselmo, nyumbani kwake, na chumba kikabaki cha gemu.

Wiki zilizofuata watu walimjia Kaka Zeno na maombi. Mama mmoja akasema marehemu mumewe alipenda mpira, je, hakuna nafasi? Tukampa namba tisa, na kila akifunga mama yule alikuwa anainama kidogo, kama anayepokea pole.

Wakati ule nilidhani tunaokoa mashine. Nimekua ndiyo naona kwamba mashine kama ile ziko nyingi duniani, na huenda wapo wanaozitunza vizuri kuliko sisi. Katekista anayewahi kengele hayupo kwingine kokote. Na jambo jingine nimechelewa miaka kuliona: Mama Zeno angegeuza shingo tu, angeona mwenyewe nani kafunga. Sijawahi kumshukuru. Nimeandika hapa ili likizo ijayo nikipata usafiri wa Kirando nimsomee, kama ulimi utanigomea.

Likizo iliyopita nilipita ghalani. Ndani walijaa watoto nisiowajua, na kitoto kimoja cha kike kilikuwa kimekaa juu ya gunia kikitangaza kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Nikasimama mlangoni.

"Mpira sasa kwa Dada Oliva," kikasema. "Dada Oliva kasimama nao. Hatoi pasi, hasemi kitu, anawaza..."

Watoto wakacheka. Hakuna aliyegeuka. Nami nikatulia palepale mlangoni, nikisubiri kuona nitaupeleka wapi.